Mtama Uliosajiliwa kuwa Ua

Kak.

Kisha kimya. Kisha tena: kak.

Ilikuwa alfajiri, giza bado limejaa chumbani, na mama mkwe wangu, Bibi Holo, alikuwa anang'ata mbegu. Alikuwa akitoa punje moja kwenye kibuyu, akaitia kati ya magego mawili yaliyombakia, akaibana. Punje iliyokauka vizuri hulia kak. Iliyoingiwa na unyevu haisemi kitu. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, kwa hiyo kazi ya macho alikuwa ameikabidhi kwa meno.

"Mama, hata hakujapambazuka," nikamwambia kutoka upande wa pili wa pazia.

"Mbegu iko kibuyuni, inajua nini habari za kupambazuka? Lala wewe."

Kibuyuni mlikuwa na mtama mwekundu uitwao sengule. Kwetu Mwandele kila mwanamke alikuwa na mbegu yake, na mbegu hiyo haikuuzwa wala haikuombwa. Bibi humwekea mjukuu wake wa kike suke moja la mavuno mapya mikononi, akamwuliza, "Hiki ni nini?" Mtoto akikitaja kwa jina lake, mbegu ni yake mpaka naye awe bibi. Huulizwa mara moja tu; akikosea, hapewi. Siku hiyo haambiwi wala hakonyezwi, maana mbegu ya kukonyezwa, walisema wazee wetu, haioti. Na ni lazima awe bado na meno yake yote ya utoto. Likianguka la kwanza, amechelewa.

Binti yangu Milembe alikuwa anakaribia miaka sita. Mjukuu mwingine wa kike Bibi Holo hakuwa naye. Na jino la chini la Milembe, la mbele, lilikuwa limeanza kucheza.

Mwaka uliotangulia hatukulima. Mashamba yetu yalipandwa bikoni, zile nguzo fupi za zege za wapima ardhi, nazo zilistawi vizuri sana bila hata mvua. Kwa hiyo mbegu ya kibuyuni ilikuwa imekaa misimu miwili. Ikikaa wa tatu haioti. Hata mimi niliyesoma darasa la jioni niliona: ni msimu huu, au basi.

*

Nchi yetu, ambayo jina lake silitaji kwa kuwa kulitaja kunahitaji kibali na mimi sijaomba, ni nchi inayowapenda watu wake. Inatupenda kiasi kwamba haiwezi kutuacha tulivyo.

Mwezi wa Novemba tulitangaziwa kuwa Mwandele imepandishwa cheo. Si kijiji cha wakulima tena. Sasa ni Kitongoji-Mji Daraja la Tatu, jina lake Mandhari Mpya. Mji wenyewe ulikuwa bado kilomita kumi na nane kutoka kwetu, lakini tuliambiwa uko njiani unakuja, na si vizuri utukute tumeshika majembe.

Aliyeleta habari hizo ni Afisa Mandhari, Bwana Kasekwa, kijana mwenye viatu vinavyong'aa na moyo mzuri. Nasema ana moyo mzuri kwa sababu yeye mwenyewe alituambia. Alikuja na fimbo iliyofungwa kwenye kitambaa cha mahameli, akaifungua taratibu mbele yetu kama mtu anayefungua mtoto mchanga.

"Ndugu wananchi," alisema, "ambao kuanzia leo saa nne na robo ni wakazi! Fimbo hii ni urefu wa goti la Mheshimiwa Mpangaji Mkuu. Lilipimwa akiwa amesimama, anatafakari. Kuanzia leo hakuna zao litakalozidi goti hili. Mji ni mahali ambapo mtu anamwona mwenzake. Muhindi unaficha! Mtama unaficha! Na anayejificha, nauliza, anaficha nini?"

Tukapiga makofi, maana aliuliza kwa sauti ya kupigiwa makofi.

Jirani yetu Baba Nkwabi, mtu wa maneno, akanyoosha mkono. "Mheshimiwa Afisa, mimi mwenyewe nimezidi hilo goti. Nitakatwa kuanzia wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Bwana Kasekwa naye akacheka, akatoa kalamu, akaandika jina lake. Kalamu ilipoanza kutembea, kicheko kikakatika.

Ndipo Bibi Holo akasimama, mkono mmoja begani kwangu. "Baba, mtama tukiukata mpaka gotini, tutakula nini?"

"Bibi yangu," alijibu Afisa kwa upole, "mkazi hali anacholima. Mkazi anakula anachonunua."

"Anunue kwa kitu gani?"

"Kwa mshahara."

"Mshahara wa kazi gani?"

"Bibi, maswali ya hatua ya pili yatajibiwa hatua ya pili."

Tukapiga makofi tena. Bibi Holo akakaa.

Jioni ileile tukawekewa mabango ya mitaa. Lami ilikuwa bado, lakini mabango yalikuwa mazuri, ya bluu. Lililosimikwa mlangoni mwa zizi la Baba Nkwabi liliandikwa Mtaa wa Uwekezaji. Ng'ombe wake wakapita chini yake, wakaingia, wakalala.

*

Aliyeiona njia ni mimi.

Mwalimu wetu wa darasa la jioni alikuwa akituambia karatasi ya Serikali isomwe mpaka chini kabisa, maana huruma huandikwa kwa herufi ndogo. Nikaenda kusimama mbele ya mlango wa ofisi, ambako kanuni zilikuwa zimebandikwa, nikazisoma moja moja nikifuata kwa kidole. Kanuni ya thelathini na moja ilisema: "Katazo hili halihusu maua, ambayo mke wa Mheshimiwa anayapenda."

Nilikwenda nyumbani mbio.

"Mama! Sengule tutaipanda!"

"Ipi, ya gotini?"

"Ya kichwani, mama. Tutaiandikisha iwe ua."

Bibi Holo akakitikisa kibuyu. "Na ikishakuwa ua, itakubali kurudi kuwa mtama?"

"Ni jina la kwenye karatasi tu, mama."

Usiku ule sikuwa na usingizi kwa furaha. Kesho yake nikaandika barua yenye anwani mbili, ya kulia na ya kushoto, na katikati kwa herufi kubwa, YAH: OMBI LA KUSAJILI UA. Nikapewa fomu. Fomu iliuliza: Je, ua hili linanukia? Nikajibu: Kwa aliyelizoea. Je, linapendeza? Nikajibu: Sana, hasa likiiva. Nikalifuta lile la kuiva. Je, linaliwa?

Hapo nilikaa na kalamu muda mrefu. Milembe alikuwa amening'inia shingoni mwangu, pumzi yake inanukia uji.

"Mama, unaandika nini?"

"Naandika ili Bibi apate kukupa kitu chako."

Nikaandika: Hapana.

Bwana Kasekwa alikuja mwenyewe kuhakiki. Bibi Holo akamtilia punje chache kiganjani. Akazinusa, akafumba macho. "Ndiyo," alisema, "humu kuna kitu cha kitaifa." Akapiga muhuri. Tukapewa hati: Ua la Kitongoji-Mji, Daraja la Nne. Mvua ilipoanguka wanawake wa mtaani walikuja kutusaidia kupanda, kama kawaida yetu tangu zamani. Nyimbo za kilimo zilikuwa zimekwisha katazwa, kwa hiyo tuliimba midomo imefumbwa, mstari mzima, kutoka bikoni hadi bikoni.

*

Ofisi ya Mandhari haiwaamini watu wazima, na hapo sioni kosa lake. Inawaamini watoto. Mtoto, inasema kanuni, ni shahidi asiye na shamba. Basi kila Ijumaa Bwana Kasekwa alipita kuwauliza.

Ijumaa ya kwanza alimwuliza mtoto wa nyumba ya pili kuhusu majani fulani marefu nyuma ya choo. Mtoto akajibu kwa furaha, "Ugali!" Kabla ya adhuhuri mafyekeo yalikuwa yameshapita hapo.

Nikamchukua Milembe nyuma ya nyumba, nikamwonyesha miche yetu.

"Haya ni nini?"

"Ni sengule."

"Hapana, mwanangu. Sema: haya ni maua ya Serikali."

"Lakini Bibi anasema ni sengule."

"Bibi anajua, na wewe unajua. Ila akikuuliza mtu, unasimama wima, unabana visigino, unasema kwa sauti. Haya, tena."

"Haya ni maua... Mama, Serikali ni nani?"

"Ni yule anayetupenda. Tena."

Tulirudia asubuhi, tukarudia nikimwogesha, tukarudia njiani kwenda kisimani. Nilikuwa nampenda na nilikuwa naogopa, na siku hizo sikuweza kujua ni kipi kati ya hivyo viwili kinachozungumza.

Ijumaa iliyofuata Afisa akainama mbele yake. "Mkazi mdogo, haya ni nini?"

"Haya ni maua ya Serikali!"

Bwana Kasekwa machozi yalimlengalenga. Akampa pipi na beji ya bati. Ijumaa ya tatu akampa pipi mbili. Ijumaa ya sita Milembe alianza kujibu kabla hajaulizwa. Siku moja nikamkuta anamfukuza mbuzi wa Baba Nkwabi: "Toka! Usile maua!" Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka na nilifurahi.

Bibi Holo alikuwa amekaa mlangoni, anasikiliza.

"Mama Milembe, umemfundisha vizuri mno."

"Ni mpaka mavuno tu, mama."

"Sawa. Mimi nimesema tu."

*

Sengule ilikua, ikafika gotini, ikapita goti, ikapita kiuno, ikapita kichwa cha Afisa mwenyewe na kofia yake. Ilipopata wekundu, habari zilifika mjini. Maharusi walianza kuja kupigwa picha. Bibi harusi mmoja alichuma jani akalichomeka nyweleni, likamwasha, akasema maua ya kienyeji yana tabia.

Kisha wakaja kwelea, kama wajavyo kila mwaka, wingu zima.

Zamani Bibi Holo aliwawinga kwa kombeo na matusi. Safari hii tulipata barua mapema: ndege ni wageni wa mandhari, na atakayewarushia udongo au maneno atashitakiwa. Nilimsomea mara mbili.

"Kukohoa kumekatazwa?" aliuliza.

Nikaisoma tena mpaka chini kabisa. "Hakukukatazwa, mama."

Basi akawa anakaa katikati ya shamba tangu alfajiri hadi jua kuzama, anakohoa. Alikohoa kwa nguvu, kwa madoido, na kwelea waliruka. Baba Nkwabi alikuwa akipita ukingoni anamtania: "Mama Holo, leo umekohoa kama trekta!" Naye anamjibu, "Njoo unisaidie, au kifua chako umekipeleka Mtaa wa Uwekezaji?"

Wiki ya tatu, usiku, akiwa amelala na hakuna ndege hata mmoja, nikamsikia bado anakohoa.

Hakuamka tena kwenda shambani. Mganga wa zahanati alisema ni kifua, na umri, na kwamba zahanati yetu imepandishwa cheo kuwa Kituo cha Ustawi, kwa hiyo dawa zimeondolewa kupisha viti vya mapokezi.

Nikaandika barua nyingine. YAH: OMBI LA KUVUNA. Majibu yalikuja kwa siku nne, jambo ambalo kwa nchi yetu ni heshima kubwa. "Maua hayavunwi," yalisema. "Maua hunyauka kwa heshima mahali pake." Kesho yake shamba likazungushiwa waya, kila suke likafungiwa kibandiko chenye namba ili lisipotee, na akaajiriwa askari wa kulilinda. Askari huyo alikuwa mume wangu, Nhandi. Ndiyo ajira pekee iliyotolewa Mandhari Mpya mwaka ule, na tuliambiwa tushukuru. Akapewa kofia, rungu na sare iliyompwaya, akasimama kulinda mtama wa mama yake dhidi ya mama yake.

Jioni alikuwa akirudi anakaa kando ya kitanda, hajavua kofia.

"Nhandi," mama yake anamwita.

"Naam, mama."

"Wamebakiza?"

"Wamebakiza kidogo, mama. Kwelea wanakula upande wa magharibi."

"Na jino la mke mwenzangu?" Hivyo ndivyo alivyomwita Milembe, utani wa bibi na mjukuu.

"Lipo. Limeinama, lakini lipo."

"Basi na mimi nipo," anasema, na kugeukia ukutani.

*

Siku ya uzinduzi wa kipilefti hakuna aliyeruhusiwa kubaki nyumbani isipokuwa wagonjwa wenye cheti, na Bibi Holo nilimwombea cheti. Kipilefti chenyewe kilikuwa duara zuri la zege katikati ya uwanda, limepakwa rangi nyeupe na nyeusi. Barabara za kukizunguka zilikuwa bado hazijaja. Kwa hiyo sisi wakazi tuliombwa tukizunguke kwa miguu, tukipiga makofi, tukishika kushoto, ili kionekane kinafanya kazi.

Nilizunguka mara tatu. Mara ya nne nikapitiliza, nikaenda moja kwa moja hadi shambani. Jua lilikuwa utosini.

"Unatafuta nini huku, mkazi?" mume wangu aliuliza kwa sauti ya kazini. Kisha akashusha sauti, "Mama yukoje?"

"Amekunywa maji vijiko viwili. Anauliza."

Akatazama waya, akatazama viatu vyake vya Serikali. Likikosekana suke moja, ni yeye atakayefungwa, na tulilijua hilo wote wawili.

"Namba mia mbili na saba ndege hawajaifikia," alisema. "Kibandiko ukiache kwenye bua. Mimi nina amri ya kutazama uzinduzi." Akanipa mgongo.

Nililikata kwa kisu cha jikoni. Lilikuwa zito, jekundu, limejaa punje. Nikalibeba mgongoni ndani ya kanga, nikalifunga kama mtoto, nikarudi kwa njia ya uwanjani maana nyingine haikuwepo. Bwana Kasekwa akaniona.

"Mama Milembe! Unatuacha?"

"Kalala huyu wa mgongoni, mheshimiwa. Naenda kumlaza."

"Mbebe taratibu," alisema, na kwa kweli alisema kwa huruma. "Hilo ndilo taifa la kesho."

Nikamshika mkono Milembe, aliyekuwa kwenye mstari wa watoto na bendera yake ya karatasi, tukaondoka. Njia nzima sikumwambia neno, kama desturi inavyotaka. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi. Nilikuwa nasema moyoni: tumewahi.

Bibi Holo alikuwa ameomba anawishwe uso na kufungwa kilemba. Nikamwegemeza ukutani, nikamweka suke mapajani. Akalipapasa kutoka shinani hadi kileleni. Akatoa punje moja, akataka kuing'ata, taya likakataa. Akairudisha kwa ncha ya kidole kati ya wenzake.

"Nenda mlangoni," aliniambia. "Na kinywa chako ukifumbe."

Nikaenda mlangoni.

"Njoo, mke mwenzangu. Mume ulishaninyang'anya, sasa njoo nikupe na shamba."

Milembe akacheka, lile jino likatikisika. Akasogea, akapiga magoti, akakinga mikono miwili. Bibi Holo akamwekea suke mikononi, akaifunika mikono ile midogo kwa mikono yake. Mbali kule uwanjani makofi yalikuwa yanaendelea kuzunguka. Nilijua mtoto analijua jina lile. Uji wake wa kwanza ulikuwa wa sengule. Alipoanza kutambaa, alitambaa juu ya mkeka wa sengule iliyoanikwa.

"Hiki ni nini?" aliuliza Bibi Holo.

Milembe akalitazama suke. Kisha akanitazama mimi pale mlangoni, na mimi nikamtazama kwa upendo wote nilionao. Akainuka. Akasimama wima, akabana visigino, beji inang'aa kifuani, akasema kwa sauti:

"Haya ni maua ya Serikali."